Majibu ya umio yasomwe na bingwa wa pili

Mhariri,

Ukurasa wenu wa afya umewahimiza wenye kiungulia sugu wakapimwe umio kwa kamera. Vizuri sana. Ila mwandishi wenu ameishia chumba cha endoskopia, na kazi yangu huanzia hapo: niko maabara ya patholojia, yaani ya kuchunguza vinyama vya mwili, mimi ndiye ninayepokea vilivyokatwa kwenye umio wakati wa kipimo hicho.

Huletwa ndani ya vichupa vya formalini, vidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Navigandisha kwenye nta, nakata utando mwembamba kuliko unywele, natia rangi, nalaza kwenye kioo, kisha daktari anasoma. Tuseme mgonjwa ana umio wa Barrett, yaani utando wa ndani, baada ya kuunguzwa na asidi miaka mingi, umegeuka ukafanana na wa utumbo. Akiandikiwa "disiplasia ya daraja la chini", yaani seli zimeanza kuharibika kidogo ila si saratani, usingizi unamruka. Saratani imebisha hodi, ndivyo anavyoelewa.

Jibu hilo hilo ndilo mabingwa hawakubaliani nalo mara nyingi. Seli zilizochubuliwa na asidi hufanana mno na zilizoanza kuharibika. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2010 ulichukua wagonjwa 147 waliopewa jibu hilo katika hospitali za kawaida. Mabingwa wa patholojia ya umio waliposoma vioo upya, asilimia 85 walishushwa daraja: hawakuwa na disiplasia, au haikuwa na uhakika. Lakini wale wachache waliothibitishwa walikuwa hatarini kwelikweli: kila mwaka, karibu 13 katika 100 waliingia disiplasia ya daraja la juu au saratani. Kwa hiyo usomaji wa pili haumfariji mgonjwa tu. Unamtenga anayehitaji kuchomwa utando ule kwa mawimbi ya redio na yule wa kunywa dawa ya kupunguza asidi na kurudi kuangaliwa.

Sasa nilalamike kidogo. Utaratibu unaofahamika ni kukata vinyama pande 4 kila baada ya sentimita 2, na kila kimo kiwe na kichupa chake. Mimi naletewa kichupa kimoja kilichosongamana, na fomu imeandikwa "umio", basi. Umbali kutoka kwenye meno? Hakuna. Mgonjwa anatumia dawa ya kupunguza asidi? Kimya. Kinyama kimoja kikionekana kibaya, nani atajua kilitoka wapi? (Mwandiko wa fomu zenyewe siusemi.)

Wasomaji wenu wajue pia kwamba vioo na vile vipande vya nta hatuvitupi mgonjwa akishachukua majibu. Huwekwa kabatini kwa miaka. Aliyepewa jibu la disiplasia, ya chini au ya juu, amwombe daktari wake avipeleke kwa bingwa mwingine aliyezoea magonjwa ya umio, kabla hajakubali matibabu yoyote. Kwa usomaji huo tu, mara nyingi hahitaji hata kumeza kamera upya.

Mtaalamu wa maabara
(Jina limehifadhiwa)