Hata aliyechanga mia tano anastahili taarifa

Mhariri,

Nimerudi tena barabarani. Huu ni msimu wangu wa tatu wa mazoezi ya mbio za hisani za kilomita 21, zile za kuchangia vifaa vya watoto njiti, na naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo lililonikaa rohoni tangu mwaka jana.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanga, Kigoma, nina miaka 53. Mjukuu wangu alizaliwa mwaka 2023 akiwa na wiki 31 na gramu 1,400. Mama yake alikuwa hoi, damu imempungua, hivyo tukawa tunapokezana. Wauguzi walimlaza kifuani mwangu ngozi kwa ngozi, wakatufunga pamoja kwa kanga, na joto langu ndilo likawa joto lake. Nilikuwa nahesabu pumzi zake usiku kucha. Zilikuwa zinakatika kidogo, mimi nazuia yangu, kisha zinarudi. Wodini kulikuwa na mashine moja tu ya kusaidia kupumua, na usiku mmoja waliohitaji walikuwa watoto wawili. Wa kwetu alipona. Mama wa yule mwingine hupita dukani kwangu mpaka leo, na kila tukisalimiana najua sote tunakumbuka usiku ule.

Ndiyo maana niliposikia kuna mbio za kununua mashine kama hizo, nilijiandikisha mwaka 2024 hata raba za kukimbilia sina.

Mazoezi tunaanza saa kumi na moja alfajiri, Jumanne na Alhamisi. Tunashuka hadi stesheni ya reli kisha tunapanda tena Barabara ya Lumumba. Aliyewahi kuupanda mwinuko ule kwa mguu na kapu kichwani anajua ninachosema. Jumapili ndiyo siku ya mbio ndefu: tunakwenda Ujiji mpaka kwenye mnara wa Livingstone na kurudi, na kila wiki mbili tunaongeza kilomita. Sasa hivi ni masika, kwa hiyo tunakimbia kwenye tope, na chini ya miembe lazima uangalie unapokanyaga. Tulikuwa watu sita. Tangu Alphonce Simbu achukue dhahabu ya dunia ya marathoni kule Tokyo, Septemba mwaka jana, wameongezeka vijana wanne, na wanatuvuta kweli kweli. Nikirudi nyumbani nakula ugali wa muhogo na dagaa wa mawese, nakaa kwenye cherehani mpaka jioni.

Lakini kukimbia ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni daftari.

Kila anayenichangia namwandika jina na kiasi. Wengi ni akina mama wanaoanika dagaa Kibirizi. Mwaka ule wa kwanza nilikuwa bado sijakamilisha mchango wangu ziwa likafungwa, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Hakuna dagaa, hakuna hela. Niliona aibu kushuka na daftari, nikashuka hivyo hivyo. Mama mmoja alifungua pindo la kanga, akatoa sarafu ya mia tano. Ilikuwa na gamba la dagaa limegandia juu yake, limekauka, la siku nyingi. Akaniambia, "Dada, hii ilikuwa ya chumvi. Andika." Niliandika. Mwaka ule daftari lilifika shilingi 186,500, mwaka jana 241,000, na zote nilizituma kwa simu siku ileile nilipofunga hesabu. Ujumbe wa muamala ninao.

Baada ya mbio nilirudi na medali na fulana. Nilipowapelekea medali waiguse, yule mama akaniuliza, "Sasa ile mashine imekwenda hospitali gani?" Sikuwa na jibu. Nikapiga simu kwa waandaaji. Binti aliyepokea alikuwa na adabu, sina ugomvi naye, ila alinijibu kwamba taarifa ya matumizi walishapewa wadhamini. Nikamuuliza, na sisi wachangiaji je? Akasema atauliza. Nilipiga tena mara mbili. Mpaka leo sijapata neno.

Siandiki kumtuhumu mtu wizi. Sina ushahidi wa wizi, na sidhani kama upo. Ninachosema ni kwamba mwenye nembo yake kifuani mwa fulana amepewa hesabu, na mwenye sarafu iliyokuwa ya chumvi hakupewa. Kwa kipimo cha alichokuwa nacho siku ile, huyu wa pili ndiye aliyetoa zaidi.

Katika kazi yangu, mteja akiniletea mita tatu za kitenge, nikishona gauni likabaki robo, ile robo naikunja naiweka kwenye mfuko pamoja na gauni. Akitaka atashonea kilemba, akitaka atatupa. Ni yake. Fundi asiyerudisha vipande anaweza kuwa mshonaji hodari kabisa, lakini wateja wanahama.

Ombi langu kwa waandaaji wa mbio za hisani, wote, ni karatasi moja. Iseme zimekusanywa kiasi gani, jukwaa na muziki na fulana vimekula kiasi gani, kimebaki kiasi gani, kimenunuliwa nini na kiko wodi ipi. Wakiichapisha gazetini, mimi nitaikata na kuishusha mwenyewe Kibirizi. Mashine ikiwa bado haijanunuliwa, waseme haijanunuliwa. Tutaelewa, sisi tunajua mambo kuchelewa.

Jumapili hii tunafika kilomita 14. Sasa ni siku za mbalamwezi, maboti ya dagaa yamepumzika. Wiki ijayo giza likirudi yataingia ziwani, hela itaonekana ufukweni, na mimi nitashuka na daftari jipya. Yule mama ataniuliza tena kabla hajafungua pindo la kanga.

Mama Fundi,
Mwanga, Kigoma.