Laki tisa kwa soketi moja?

Juzi mteja wetu mmoja wa Upanga kaweka sauti kwenye kundi la WhatsApp la wakazi wa jengo lake. Dakika mbili nzima. Kwa kifupi, fundi (yaani mimi) kampiga laki tisa kwa soketi moja ya kuchajia gari la umeme, na shemeji yake wa Kariakoo angeifunga kwa elfu arobaini. Sauti ilinifikia hata chai sijamaliza, maana kwenye jengo hilohilo nina wateja wengine wawili. Simtaji, na simu zake bado napokea. Ila huyu ni wa nne mwaka huu, kwa hiyo leo naandika.

Soketi kweli haifiki elfu arobaini. Nakubali. Alicholipia ni mita 38 za kebo ya milimita 6 za mraba, bomba lake, breka yake, RCD yake (swichi inayokata umeme ukivuja), tundu mbili kwenye ukuta wa zege wa zamani, na vijana wawili kwa siku moja na nusu.

Wanaokaa nyumba yenye geti hawalioni tatizo hili la umbali. Gari linalala mita tatu kutoka sebuleni. Wewe wa ghorofa ya tatu, gari lako liko nyuma ya jengo karibu na tangi la maji, na mita yako ya LUKU iko chini ya ngazi pamoja na za wenzako kumi na moja. Tunachofanya ni kuchukua umeme palepale chini, baada ya mita yako, kabla waya haujapanda kwako, halafu tunautembeza mpaka kwenye paking. Uniti unazochaji zinatoka kwenye LUKU yako. Hakuna jirani wa kukuuliza.

Huyu wa Upanga kabla hajatuita alikuwa anachomeka kwenye kibanda cha mlinzi. Kibanda kinatumia mita ya pamoja, ile ya pampu na taa za ngazi. Miezi mitatu wakazi wanachangishana zaidi kila mwezi, na pampu ya watu ikafunguliwa mara mbili bila kosa. Siku mlinzi alipoulizwa vizuri akasema yeye anaambiwa tu "acha hapo hadi asubuhi".

Njia ya mkato ninayokutana nayo zaidi ni ya dirishani. Kuna dada wa Sinza, ghorofa ya pili, ana Nissan Leaf iliyotoka Japani. Kebo nyingi zinazokuja na magari hayo ni za volti 200 na huvuta hadi ampea 15. Ncha yake haiingii kwenye soketi zetu, basi mjini wanaikata na kuivisha plagi ya kawaida ya ampea 13. Hesabu hiyo hata mtoto anaiona. Yeye akaichomeka kwenye ekstensheni ya kuviringa, akaishusha dirishani, akafunga kioo juu ya waya ili mbu wasiingie. Nusu ya waya ikabaki imeviringwa kwenye gurudumu lake.

Ekstensheni hizo nyingi zina kibandiko chenye namba mbili, uwezo wake ukiukunjua waya wote na uwezo wake ukiuacha umeviringwa. Ya pili huwa karibu theluthi ya ya kwanza. Pasi ya nguo inakaa dakika ishirini unaichomoa. Gari linavuta nguvu ileile saa saba, nane, mfululizo, na wewe umelala. Aliamshwa na harufu. Plagi yenyewe ninayo kwenye droo, njoo uione. Pini moja imegeuka rangi ya samawati na kahawia, plastiki imeshuka kama mshumaa, na ule upande wa soketi umebaki umeng'ang'ania humohumo. Alinunua ekstensheni, akanunua soketi, akabadilisha waya wa sebule ulioungua ndani ya ukuta, na mwisho wa yote akatulipa sisi pesa ileile aliyoikwepa mwanzo.

Njia ya mkato ya pili inanitisha zaidi. Majengo mengi ya zamani hapa Dar soketi zake hazina ethi (waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja), au ipo kwa jina tu. Kebo ya kuchajia ina akili kidogo. Ikikosa ethi inawasha taa nyekundu na kugoma. Mwenye gari anasema kebo mbovu, ananunua nyingine, nayo inagoma. Ndipo anatokea fundi wa mtaani na ujanja wake, anafungua plagi na kuunganisha ethi na nyutro (waya ambao umeme hurudi nao) kwa kipande cha waya. Taa inakuwa kijani, kila mtu anashangilia. Siku nyutro ikikatika njiani, bodi ya gari inakuwa na umeme, na wa kwanza kuligusa ni yule kijana anayeliosha alfajiri miguu ikiwa kwenye maji. Nimeukuta waya huo mara mbili, na mara zote mbili niliukata kabla sijazungumza bei. Mteja mmoja alinikasirikia kwamba nimemharibia chaji. Sawa.

Ndiyo maana kwenye bei yetu kuna fimbo ya ethi, na kipimo chake tunakuonyesha kwenye mashine. Bila kipimo hatuwashi.

Sasa lalamiko la "chaja yenu inakula umeme". Bwana mmoja wa Kijitonyama alikuja dukani amefura. Alikuwa ananunua umeme wa kama elfu tisa kwa mwezi, baada ya sisi kumfungia anakaribia laki. Nikamwomba risiti za LUKU. Alikuwa kwenye lile kundi la matumizi madogo, mwisho uniti 75 kwa mwezi, ambapo uniti ni shilingi 100, ukiweka kodi na tozo 122. Gari lake linataka uniti 200 hivi kwa mwezi. Ukivuka uniti 75, zinazozidi zinapigwa 350 kabla ya kodi, na ukiendelea hivyo TANESCO wanakuhamishia kundi la kawaida, 292, ambayo kwa mnunuzi inakuwa kama 356. Hapo hata friji na taa zako za zamani zinalipiwa bei mpya. Chaja haikuiba kitu. Kosa letu lilikuwa kutomwambia mapema. Siku hizi swali la kwanza tunalouliza ni uko kundi gani.

Na wale wanaokuja na picha ya chaja kubwa ya kilowati 7 waliyoiona mtandaoni, mara nyingi nawarudisha. Unaenda kazini na kurudi, kilomita 40 kwa siku. Leaf inakula kama uniti 15 kwa kilomita 100, kwa hiyo usiku unahitaji uniti sita au saba. Plagi ya bluu ya viwandani ya ampea 16 inakupa hizo kwa saa mbili tatu, na hailalamiki ikiachwa usiku kucha. Tena nyumba yenye kiyoyozi na jiko la umeme kwenye fezi moja ukiiongezea kilowati 7, meni swichi itakuwa inakuangusha gizani kila magharibi. Kebo tunaweka ya milimita 6 hata hivyo, ili ukibadilisha gari usivunje ukuta mara ya pili. Soketi tunaifunga juu ya usawa wa kiuno, kwa sababu masika ya hapa kila mtu anayajua.

Betri za pikipiki na bajaji za umeme watu wanazopandisha hadi koridoni, tutaziongelea siku nyingine. Kwa leo, usizichaji mlangoni pa kutokea.

Ukitaka bei ya kweli, usiniulize "soketi shilingi ngapi". Nitumie picha ya ubao wa mita, risiti yako ya mwisho ya LUKU, idadi ya hatua kutoka ngazini hadi unapoegesha, na ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Picha ya gari siihitaji.