Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: historia ya urani ipo barabarani kwetu, iwekeeni bango

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Naandika kutoka Uyole, Mbeya. Mimi ni dereva wa watalii, nabeba wageni wanaoshuka uwanja wa Songwe na wanaokuja na treni ya TAZARA, nawapeleka Ziwa Ngosi, Daraja la Mungu, Kitulo maua yakichanua, Matema, yaani ile mizunguko ambayo kila dereva huku anaijua na kila mgeni anaikuta kwenye simu yake kabla hajapanda ndege. Sikuombi hela, sikuombi hata gari. Naomba serikali iitambue na iitunze historia ya urani (yale madini ya umeme na mabomu ya nyuklia) ya huku kusini wakati bado ipo, ili sisi wenye magari tuwe na kitu cha kumwonesha mtu, maana barabara za kufika huko zipo tayari na nyingi ni lami.

Najua urani na utalii ukivisikia pamoja unaweza ukacheka, mke wangu alicheka mpaka chai ikampalia. Ila kuna aina ya wageni Mheshimiwa, wengi wastaafu, mainjinia na walimu wa fizikia, hao simba walishawaona Ngorongoro na hawana habari nao tena, raha yao ni kuendesha gari siku nzima kwenye joto kwenda kuona mtambo uliozimwa miaka 60 iliyopita. Mmoja wao Mmarekani, mzee kabisa, tulikuwa tunateremka Tukuyu kwenye zile kona akaniuliza mgodi wa urani wa Karonga uko umbali gani kutoka mpakani Kasumulu, nikamjibu ni hapo tu ukishavuka, akanishangaa kwanini sasa kwenye ratiba yangu haumo. Kuanzia hapo mpaka Kyela mjini aliongea yeye tu.

Kwao Marekani hii ni biashara kamili na ni elimu. Pale New Mexico walipolipua bomu la kwanza la nyuklia duniani, Julai 16, 1945 saa kumi na moja na nusu alfajiri, mahali panaitwa Trinity, ni ndani ya eneo la jeshi mpaka leo, ila geti linafunguliwa kwa nadra, siku moja au mbili kwa mwaka, watu wanapanga foleni na magari yao toka usiku ili wakaone nini? Mnara mdogo wa mawe meusi ya volkano na ardhi tambarare. Vile vioo vya kijani vilivyotokana na mchanga ulioyeyuka ni marufuku kuokota. Idaho kwenye jangwa, karibu na kamji kanaitwa Arco, kuna jengo la matofali linaloitwa EBR-I, hapo ndo Desemba 20, 1951 umeme wa nyuklia uliwasha balbu, balbu nne tu Mheshimiwa, na wale mafundi wakaandika majina yao kwa chaki ukutani. Leo ni makumbusho, kiangazi unaingia bure. Alafu 2015 wakaunganisha Los Alamos, Oak Ridge na Hanford, sehemu tatu zilizo mbalimbali kabisa, zikawa hifadhi moja ya taifa ya kihistoria. Yaani mtambo wa kutengenezea malighafi ya bomu unalindwa na askari wa hifadhi kama sisi tunavyolinda tembo.

Sio Marekani peke yake. Namibia, mgodi wa Rössing umekuwa ukichimba urani toka 1976 na wageni wa Swakopmund wamekuwa wakipelekwa kwa basi kuangalia shimo. Ujerumani, pale Ronneburg palipokuwa pamechimbwa urani kwa ajili ya Wasovieti mpaka 1990, walisafisha, na 2007 wakafanyia hapo maonesho ya maua ya taifa zima. Maua juu ya mgodi wa urani, na watu wakalipa kiingilio.

Sasa turudi huku.

Chukua ramani weka kidole Mbeya. Ukienda magharibi unatoka Tunduma unaingia Zambia, unavuka Kasumbalesa kuingia Kongo, Lubumbashi, unafika Likasi. Njia hii madereva wetu wa semi wanaijua kuliko njia ya kwenda kwa wakwe zao, kila siku wako kwenye foleni ya Tunduma na mizigo ya Kongo. Wakitoka Likasi kuelekea Kolwezi wanapita jirani na Shinkolobwe, mgodi uliotoa sehemu kubwa ya urani ya ule mradi wa bomu la Wamarekani, na mawe yake yalikuwa na urani nyingi ajabu, mengine zaidi ya nusu ya uzito wake, wakati migodi mingi ya leo inahangaika na chini ya asilimia moja. Serikali ya Kongo iliufunga rasmi 2004 na sisemi tuwapeleke watu kule, hapana, kule sio pa kwenda. Nasema tu historia ya Hiroshima ina tawi linaloishia kwenye barabara ambayo matingo wa Tunduma wanapikia ugali pembeni yake, na hakuna bango hata moja la kumwambia mtu.

Ukishuka kusini unapita Tukuyu, Kyela, Kasumulu, unaingia Malawi, Karonga. Ukikata kulia barabara ya Chitipa unakutana na Kayelekera. Mgodi ulifunguliwa 2009, bei ya urani ikaporomoka baada ya ile ajali ya mtambo wa nyuklia wa Fukushima, Japani, ya 2011, 2014 ukasimamishwa, 2025 umeanza tena. Ile unga yao ya urani ilikuwa inajazwa kwenye madramu ya chuma na kusafiri kwa lori kupitia Zambia mpaka bandari ya Walvis Bay, bara zima unalikata. Karonga yenyewe ina makumbusho yenye mifupa ya dinosa, kwahiyo mgeni akienda hakosi cha kuona hata siku ambayo mgodi hauruhusu mtu.

Na ukienda mashariki, Makambako, Njombe, Songea, Namtumbo, hapo ni kwetu kabisa. Mradi wa urani wa Mto Mkuju. 2012 kule Saint Petersburg kamati ya UNESCO ilikubali mpaka wa Pori la Akiba la Selous usogezwe kupisha mgodi, kipande ni chini ya asilimia 1 ya pori lote ila maneno yaliyosemwa juu yake ni mengi mpaka leo, na Julai 2025 Rais Samia alizindua kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani palepale. Kwahiyo sasa hivi tunapoongea historia inaandikwa, Mheshimiwa, na kwa uzoefu wa nchi hii nini kitatokea? Miaka 30 ijayo tutatafuta picha za mwanzo tutazikosa, mashine za kwanza zitakuwa zimeuzwa chuma chakavu, na wazee waliokata zile njia za kwanza porini watakuwa wamezikwa.

Nimeshaanza kuliona hilo. Huko upande wa Namtumbo, kijiji sikitaji, kuna mzee alikuwa kibarua kwenye kambi za utafiti, kazi yake ilikuwa kubeba masanduku ya sampuli za miamba zinazotolewa na mashine ya kuchoronga. Kampuni jina halikumbuki, anasema tu wazungu. Nilikaa kwake nikanywa uji, mlango wake umezuiwa na kipande cha mwamba usipigwe na upepo, kimekatwa duara safi, kinene kama mchi wa kutwangia, cha kijivu chenye mistari ya mchanga mwembamba na mkubwa, na ubavuni kuna namba zimeandikwa kwa maka peni, nusu zimefutwa na jua. Zile namba ni kina, mita ngapi chini ya ardhi. Masanduku yenyewe ya mbao yalikuwa kuni zamani sana. Huo ni mchanga wa kale, miamba wanayoiita Karoo, umelala chini kwa mamilioni ya miaka, mtu akalipa hela nyingi sana kuutoa, leo unazuia mlango. Kinaweza kisiwe na urani hata chembe maana sehemu kubwa ya kinachochorongwa ni mwamba mtupu, na kinaweza kuwa nayo, hamna aliyekwenda na kipimo. Nilimwambia mzee akitoe nje akiweke mbali na watoto, akasema sawa, ila aliyesema ni dereva tu.

Hapo ndo ofisi yako ingeingia. Nyie wenye mambo ya kale, wenzenu wa Tume ya Nguvu za Atomu wenye vipimo, na wale wa GST (Taasisi ya Jiolojia) Dodoma wanaojua miamba na wana makumbusho ya madini tayari, mkae meza moja mpite vijijini mkusanye vitu kama hivyo, mvipime, vile salama viwekwe mahali na jina la aliyevitunza, vile sio salama viondolewe. Na wazee wahojiwe warekodiwe kwa simu tu, haihitaji kamera ya sinema. Hii ni kazi ya wiki chache Mheshimiwa, naamini hata semina moja ya hotelini inakula zaidi.

Ila mkiweka mabango, naomba yaseme ukweli wote. Hili nalisisitiza kwasababu nawajua watu wa mabango, wataandika karibu, mwekezaji fulani, asante. Wamarekani pamoja na makumbusho yao yote walichelewa kusema. Kwenye nchi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, kulichimbwa urani kuanzia 1944 mpaka 1986, migodi zaidi ya 500 ikaachwa wazi, na wachimbaji waliingia mashimoni bila kuambiwa kuwa urani inapozeeka inazaa gesi ya radoni, haina rangi haina harufu, kwenye shimo lisilo na hewa inajaa, unaivuta na chembe inazozaa zinaenda kukaa kwenye mapafu, miaka inapita ndo saratani inaanza. Sheria ya kuwalipa fidia imekuja 1990. Church Rock, New Mexico, Julai 16, 1979, bwawa la maji taka ya kiwanda cha urani likapasuka likamwagika mtoni, na tarehe ni ile ile ya bomu la kwanza. Moab kule Utah waliacha tani milioni 16 za mabaki kando ya mto Colorado, 2009 wakaanza kuyahamisha kwa treni, kodi za watu hizo. Yule mgeni wangu Mmarekani haya yote alikuwa anayajua na alisimama kwenye kila sehemu, na aliniambia anapopaamini ni pale panapomwonesha na makaburi.

Migodi ya juu kama Kayelekera, na huu wa kwetu ulivyopangwa, ni shimo la wazi, upepo unapita, radoni haikai kama kwenye mahandaki, hilo nalo liandikwe, tusitishane. Ila vumbi lipo, maji yapo, na mto Mkuju unaenda kwenye pori ambalo sisi wenyewe ndo tunaliuza kwa watalii. Mtu akiondoka Namtumbo awe amejua yote mawili.

Utaniambia wananchi hawatapenda, nani aje kuangalia mawe. Kimondo cha Mbozi ni chuma tu kimelala chini, tani kumi na kitu, na watu wanakata kona kutoka barabara ya Tunduma kila wikiendi, watoto wa shule wanaweka vidole pale walipokata kwa msumeno kuchukua sampuli, wanauliza maswali mpaka mtembeza wageni anachoka. Isimila ya Iringa iligunduliwa 1951 na msafiri aliyekuwa anapita zake kuelekea Afrika Kusini, akayaona mawe ya watu wa kale kwenye korongo. Mawe! Na mpaka kesho Isimila inamsimamisha mgeni Iringa angalau usiku mmoja, mwenye lodge anakula, mama wa kuku wa kienyeji anakula.

Kwahiyo Isimila ipo, Kimondo kipo, njia nzima toka Iringa mpaka Songea na mpaka Karonga ipo, cha kuongeza ni hicho cha katikati. Kampuni ya Mkuju iombwe siku moja tu kwa mwaka ifungue geti kwa watu walioandikishwa, kama jeshi la Marekani linaweza na bomu, sisi na kiwanda cha majaribio tunashindwaje. Na ndugu zetu Wamalawi waandikieni barua tuanze kupeleka wageni Karonga kwa utaratibu unaoeleweka, maana saa hizi kila dereva anajipigia simu zake mwenyewe.

Mkiona hayo yote ni makubwa basi anzeni na kile kipande cha mwamba. Gari ninalo, kwa yule mzee napajua, mtaalamu na kipimo chake aje mpaka Songea tu nitamchukua, mafuta tutachangia. Ila iwe kabla ya masika, ile barabara ya vumbi ya kuingia kijijini mvua ikianza Noah haipiti.

Ndaga fijo (asante sana), nasubiri.

Dereva wa watalii, Uyole, Mbeya