MINT: Tanuri la kukaushia mbao, Nakuru, na kilichotendeka Alhamisi

Kwa Meneja Mkuu,

Nakuandikia wewe moja kwa moja kwa sababu dawati lenu la wateja limenichosha. Nimepiga simu mara 11, nambari za kumbukumbu nimezijaza nyuma ya kalenda, na kila anayepokea ananiomba nieleze upya tangu mwanzo. Sitaeleza tangu mwanzo. Mkataba wa tanuri mliloniuzia mnao, masharti ya udhamini mliyaandika nyinyi, na zile saa 48 za kumfikia mteja mnazijua kuliko mimi. Fundi wenu alifika siku ya tisa.

Na alipofika alisimama mbele ya tanuri langu, mbele ya vijana wangu saba na karani wa mteja aliyetoka Kisumu siku hiyo, akaniambia: "Mama, hii si jiko. Niitie mzee mwenye kiwanda tuongee." Mwenye kiwanda ni mimi. Jina lililo kwenye stakabadhi zenu zote ni langu, na kila hundi mliyopokea ina sahihi yangu.

Nimejitahidi barua hii iwe ya adabu. Mkiona mahali imenishinda, mniwie radhi.

Hitilafu yenyewe ni hii. Kontrola yenu, ile mashine ndogo inayoliongoza tanuri, inategemea vipimajoto viwili: kimoja kikavu, kingine kimevishwa kitambaa cha pamba ambacho mkia wake umezama kwenye kikombe cha maji. Maji yakipanda kitambaani na kukauka, kipimajoto hicho hupoa, na tofauti kati ya viwili hivyo ndiyo inayoiambia mashine hewa ya ndani ina unyevu kiasi gani. Mnalijua hilo, ndiyo biashara yenu. Sasa fundi wenu alipokuja kufanya sevisi Jumanne ile kabla hatujapakia, alitoa kitambaa cha zamani akaweka kipande cha nailoni. Nailoni! Nilikuja kukivua baadaye kwa mkono wangu: ncha ya chini imelowa chapachapa, juu kinakwaruza kama karatasi. Maji hayakuwa yakipanda hata kidogo. Kwa hiyo vipimajoto vyote viwili vikawa vinasoma karibu joto moja, 45 na 44.8, mashine ikaamini kwamba ndani kumejaa mvuke, ikafungua matundu yote ya hewa ili kutoa unyevu ambao haukuwepo. Kadiri hewa ilivyozidi kukauka, ndivyo ilivyoyaacha wazi. King'ora hakikulia hata mara moja. Kwa akili ya mashine, kila kitu kilikuwa sawa.

Na ndani mlikuwa na mkaratusi. Ingekuwa saiprasi labda ningewaandikia barua fupi. Mkaratusi haukimbizwi, ukiukausha upesi ungali mbichi, seli zake za ndani zinaporomoka na ubao unabonyea kama mkebe uliokanyagwa. Ndiyo maana mbao zile zilikaa miezi mitatu chini ya banda, zimepangwa kwa vijiti, kabla hazijauona mlango wa tanuri. Futi 6,000, inchi sita kwa moja, shilingi 48 kwa futi. Misitu ya serikali ilipofungwa 2018 isikatwe miti, sote tulikimbilia miti ya wakulima, na mimi bei ya zamani sijaiona tena. Kwa hiyo sinunui mbao kwa majaribio.

Nilipotoa ubao mmoja, kipima unyevu kilisoma asilimia 9 juu na 22 katikati. Nikakata kipande cha upana wake, nikakichonga kama uma wenye meno mawili. Meno yakafumbatana yenyewe mbele ya macho yangu. Anayejua mbao hahitaji kuambiwa maana yake: ngozi ya nje imekauka na kukakamaa, ndani bado, na ukiipasua kwenye msumeno itaubana ule msumeno. Hizo ndizo mbao za sakafu ya ukumbi nilizoahidi Kisumu.

Mtauliza mbona sikuzima swichi kubwa. Nilizima, siku ya tano, nilipoyaona matundu yamebaki wazi usiku kucha. Lakini mota za matundu hubaki pale pale umeme unapoziacha, kwa hiyo matundu yalibaki wazi vilevile. Nikawasha tena ili niyafunge kwenye skrini, skrini ikaniomba nywila. Nywila mnayo nyinyi. Mashine imelipiwa hadi shilingi ya mwisho, iko kwenye karakana yangu, inachoma maranda yangu, na mimi naomba ruhusa Nairobi ili nifunge tundu la hewa! Niliyempata kwenye simu aliniambia nywila haitolewi kwa mteja, ni sera. Basi tukaegemeza ngazi, mimi na vijana, tukaziba matundu kwa magunia yaliyoloweshwa maji. Kila baada ya saa chache mtu anapanda kuyalowesha tena. Siku nne hivyo.

Magunia hayo ndiyo yaliyomchekesha fundi wenu, na hapo lazima nirudi Alhamisi, kwa sababu kila nikitaka kuipita inanirudisha.

Ilikuwa saa tisa alasiri, vijana wamekaa na chai. Hakutua hata begi. Alikuwa ameshika ufunguo wa gari, akauelekeza juu kwenye gunia lililokuwa likidondosha maji, akauliza ni nani aliyeweka matambara. Nikasema ni mimi. Ndipo akasema, "Mama, hii si jiko." Nikaanza kumweleza habari ya kitambaa, akaniinulia kiganja kama askari wa trafiki, akataka aitiwe mzee. Nikamwambia anayemtafuta anaongea naye. Akapiga simu ofisini kwenu, akaiweka sauti ya nje, na sote tukamsikia mtu wenu akiuliza: "Ni yule mama wa Nakuru tena?" Nyuma yake mtu akacheka. Si kicheko kirefu, lakini kilitosha. Kijana wangu anayeendesha boila, mtu mzima mwenye wajukuu ingawa namwita kijana, akachukua ufagio akaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiwa. Karani wa Kisumu akainamia simu yake. Na mimi nimesimama pale, na tanuri langu, na magunia yangu.

Kitambaa hakukiangalia. Aliandika nywila akiwa ameifunika skrini kwa mkono, kama mtu aliye kwenye mashine ya benki, akafunga matundu, akajaza fomu: "Kosa la mtumiaji." Akaniambia nitie sahihi. Nilikataa. Jumatatu ikaja ankara ya shilingi 18,500, nauli na usumbufu. Usumbufu wa nani?

Mgala muue na haki yake mpe: boila haijawahi kunisumbua, feni zinageuza mwelekeo kwa wakati wake, na yule mzee wenu aliyekuja kuifunga mashine alinifundisha kwa subira. Ningempata yeye, hakuna barua hii.

Nilipoanza kuandika nilitaka mambo mawili tu, kitambaa halali cha pamba na maneno yale yafutwe kwenye fomu. Nimefika hapa naona hayatoshi. Ankara ya 18,500 muiondoe. Mbao mnilipe, shilingi 288,000, pamoja na 60,000 ambazo mteja amenikata kwa kuchelewa. Nywila nipewe kwa maandishi, na nakala ya programu, ili siku nyingine nisingoje siku tisa, nne kati yake nikilowesha magunia. Na aliyesema maneno yale aje ayaombee radhi palepale alipoyasemea, mbele ya watu walewale, wakati wa chai. Pesa mnaweza kunitumia kwa benki. Hili la mwisho halitumwi.

Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita, nitafungua kesi kwenye Mahakama ya Madai Madogo hapa Nakuru. Sheria imeiruhusu kusikiliza madai ya hadi shilingi milioni 1 na kuyaamua ndani ya siku 60, na dai langu linaingia humo na nafasi inabaki. Ibara ya 46 ya Katiba, ile ya haki za mnunuzi, mnaweza kumwuliza wakili wenu. Wenye mashine za mbao wa Elburgon na Molo tunafahamiana, na wawili wameniuliza wiki hii kama tanuri lenu linafaa. Sijawajibu bado.

Kipande cha nailoni kiko kwenye bahasha, kimetiwa tarehe, na picha za skrini ninazo. Lango linafunguliwa saa mbili asubuhi. Msimtume yule peke yake.

Wenu,
Mwenye karakana, Nakuru
(jina na sahihi viko kwenye nakala iliyotumwa kwa posta)

Nakala:
Wakili wangu
Mteja wangu, Kisumu