Barua ya wazi kwa mpwa wangu: njiwa, tarumbeta na mzee Shannon

Mpwa wangu, za chuo?

Mama yako kanipigia juzi, kaongea mpaka salio likakata, akapiga tena kwa namba ya jirani. Eti nikukalishe chini nikwambie uuze njiwa, uache tarumbeta za kanisani, na zile sarakasi zenu za jioni ndo kabisaaa, maana "mhandisi gani anarukaruka". Nikamwambia sawa dada, nitamwandikia. Ndo naandika sasa, ila naandika hadharani ili wazazi wengine nao wapitie.

Hivi washawafundisha habari za Claude Shannon? Lazima, mtu wa umeme humkwepi. Mmarekani, kazaliwa 1916, kakulia mji mdogo wa Gaylord kule Michigan, na utotoni alikuwa anapiga telegrafu mpaka kwa rafiki yake kwa kutumia seng'enge ya uzio wa mashamba. Akiwa na miaka 21 pale MIT, chuo kikuu cha teknolojia huko huko Marekani, akaonyesha kwenye tasnifu yake kwamba swichi za umeme, hizi hizi za washa na zima, zinaweza kufanya hesabu za mantiki, na hiyo simu unayosomea hapa inaishi kwa wazo hilo. Mwaka 1948 akiwa Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu, akatoa ile kazi yake ya mawasiliano ambayo biti ndo ilianza kuchapishwa humo kama kipimo cha habari, na MB ni rundo la biti tu, kwa hiyo ukikatwa bando lako la MB mia tano, na yeye anahusika hahaha.

Sasa huyo huyo jamaa alikuwa anapita kwenye korido za Bell Labs juu ya baiskeli ya tairi moja huku anarusha mipira na kuidaka. Akaunda mashine ya hesabu inayopiga mahesabu kwa namba za Kirumi, kwa faida ya nani sijui. Akaunda tarumbeta inayotema moto (usithubutu, mchungaji atanitafuta mimi). Mezani kwake alikuwa na kiboksi chenye swichi moja, ukiiwasha kifuniko kinafunguka, mkono unatoka, unaizima, unarudi ndani, basi, kazi yake imeisha. Wazo lilikuwa la Marvin Minsky, mtafiti wa akili bandia, lakini Shannon ndo alikaa akaliunda.

Ninayempenda zaidi ni panya. Mwaka 1950 alitengeneza panya wa bandia mwenye masharubu ya waya wa shaba, akamwita Theseus, akamuweka kwenye vichochoro vya kuta za chuma. Panya anagonga ukuta, anageuka, anajaribu upande mwingine, anahangaika weee mpaka anafika mwisho, ila ukimrudisha alipoanzia anaenda moja kwa moja bila kugusa ukuta, na mpwa wangu panya mwenyewe hana akili hata chembe, akili yote iko chini ya sakafu, kuna sumaku inayotembezwa na mota inamvuta, na rilei za simu, yaani swichi zinazojiwasha na kujizima kwa umeme, ndo zinakumbuka kila chumba alitoka kuelekea upande gani. Mkewe Betty, naye mtu wa hesabu, alimsaidia kuunga nyaya. Sasa niambie hapo kazi inaishia wapi na mchezo unaanzia wapi, mimi nimeshindwa.

Hata kurusha mipira alikupigia hesabu, aisee. Chukua muda mpira ukiwa hewani, jumlisha na muda unaokaa mkononi, zidisha kwa idadi ya mikono. Afu chukua muda mkono ukiwa mtupu, jumlisha na muda ukiwa na mpira, zidisha kwa idadi ya mipira. Majibu ni sawa sawa. Wajaribishe wenzio wa sarakasi.

Mwaka 1961 yeye na Edward Thorp, mtu wa hesabu mwenzie, wakaenda Las Vegas na kompyuta ndogo ya kuficha mwilini ili kubashiri ruleti, ile kamari ya kasino ya gurudumu na kigololi, swichi iko kwenye kiatu, majibu yanakuja sikioni. Ilifanya kazi, tatizo waya wa sikioni ulikuwa unakatika katika. Utajiri hawakuupata.

Alifariki Februari 24, 2001, akiwa na miaka 84, baada ya Alzheimer, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, kumsumbua miaka. Sikudanganyi kwamba alikuwa mtu wa kuigwa kila kitu, barua za watu alikuwa hajibu, zinalala tu, na miaka ya baadaye alichapisha kidogo sana. Lakini vidude vyake alivimaliza. Hapo ndo mama yako ana hoja, maana banda la njiwa halina paa mpaka leo, na redio ya bibi umeifungua vipande vipande, skrubu ziko kwenye kopo la Blue Band.

Njiwa baki nao, tarumbeta piga, dada yangu nitaongea naye mimi. Ila Pasaka nikija nataka kusikia taarifa ya habari kwenye ile redio.

Anko wako.