Barua ya wazi kwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii: Anayemuuguza mzee naye aonekane

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima kutoka Morogoro, ambako namuuguza mama yangu tangu alipopata kiharusi. Siandiki kwa ajili ya mama peke yake. Kila Oktoba mosi, Siku ya Wazee Duniani, nasikiliza hotuba mpaka mwisho, na wanaouguza wazee majumbani sisikii wakitajwa.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliiweka familia kuwa msingi wa matunzo ya mzee. Sina ugomvi na hilo. Ndivyo tulivyolelewa, na makazi ya Serikali kama Fungafunga hapa kwetu au Kolandoto kule Shinyanga ni ya wazee wasio na wa kuwatunza. Shida ni kwamba hiyo familia inayotajwa kwenye sera, ukibisha hodi nyumbani, unamkuta mtu mmoja. Mara nyingi ni binti, au mkamwana, au mjukuu ambaye masomo yameanza kumpita. Ndugu wengine hutuma chochote wakipata, na hupiga simu kuuliza hali ya mgonjwa. Ya anayemuuguza haiulizwi.

Sisi tuliruhusiwa hospitali tukiwa na karatasi ya dawa na tarehe ya kurudi kliniki. Namna ya kumhudumia mtu aliyepooza upande mmoja hatukuonyeshwa. Aliyetuokoa ni muuguzi mstaafu wa mtaani kwetu, aliyekuja mchana mmoja akavua viatu na kupanda kitandani kutufundisha. Shuka likunjwe mara mbili, lipite chini ya kiuno, wawili wavute kwa pamoja, ngozi isiburuzwe. Mto uwekwe katikati ya magoti. Visigino visiguse godoro. Ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, hata usiku wa manane. Uji uwe mzito kidogo, akalishwe wima, kijiko kiwe kidogo, na usimpe kingine mpaka umeona koo limemeza, maana akipaliwa uji unaweza kuingia mapafuni. Kidonda kilichokuwa kimeanza kiunoni kikakauka.

Ujuzi huo hauhitaji jengo wala mashine. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 nchi nzima. Naomba uzungumze na mwenzako wa Afya: kila mhudumu ajue kumgeuza na kumlisha mgonjwa wa kitandani, na kila hospitali imfundishe ndugu kwa vitendo kabla mgonjwa hajatoka wodini.

Dirisha la wazee hospitalini lipo na tunashukuru. Ila nikienda na kadi ya mama kuchukua dawa zake za presha naambiwa mgonjwa aje mwenyewe. Basi tunakodi bajaji, vijana wawili wanamnyanyua, anafika amelowa na amechoka, anatazamwa usoni, tunapewa dawa zile zile za mwezi uliopita. Yapo maelekezo ya kumpisha mzee mbele ya foleni. Yatolewe na ya kumhudumia aliyetumwa na mzee asiyeweza kuinuka. Mtendaji wa mtaa anatufahamu, anaweza kuthibitisha kwa barua.

Kuna jambo lililoniuma zaidi nilipolisoma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 34, inampa mfanyakazi angalau siku 4 za likizo yenye malipo mtoto wake akiugua au akifariki. Kwa mzazi, kifungu hicho kinataja kifo tu. Yaani mama akiwa mahututi sina siku hata moja ya malipo ya kukaa naye. Akishafariki ndipo napewa za kumzika. Najua sheria hiyo iko chini ya waziri mwenzako, lakini wazee wako kwako, na wewe ndiye wa kulipeleka hili mezani kwake.

Wengi wetu hata hivyo hatujaajiriwa. Tulikuwa na genge, cherehani, meza ya samaki, tukafunga. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inakopeshwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na mtu asiyeweza kutoka nyumbani saa tatu mfululizo hatafutwi na kikundi chochote. Wanaouguza waruhusiwe kuunda vikundi vyao, kwa kazi za nyumbani, na afisa maendeleo ya jamii awafuate waliko.

Na pensheni, Mheshimiwa. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza nani maskini kuliko nani. Kwetu bara, mzee ambaye hakuwahi kuajiriwa anategemea aorodheshwe TASAF, mfuko wa Serikali unaosaidia kaya maskini. Hata kiasi kidogo kinachokuja kwa uhakika kingenunua pampasi za wakubwa, sabuni na mafuta ya kumkanda.

Bajeti ya wizara yako husomwa bungeni kabla ya Juni kwisha. Naomba safari hii iwe na kifungu kinachomtaja anayemuuguza mzee nyumbani, pamoja na kiasi cha fedha alichotengewa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Binti anayemuuguza mama yake, Morogoro