Ukali wa pilipili si ladha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nisahihishe makala ya wiki iliyopita iliyouhesabu ukali wa pilipili miongoni mwa ladha za ulimi. Kapsaisini, kemikali iliyomo ndani ya pilipili, huamsha vipokezi vilevile vya mishipa ya fahamu vinavyoamshwa na joto la nyuzi 43 hivi na kuendelea, na mishipa hiyo, isiyotofautisha chai ya moto na pilipili mbuzi, huupelekea ubongo taarifa moja tu: kuungua. Ndiyo maana aliyekata pilipili kisha akajifikicha jicho hutokwa machozi, ingawa jicho halionji. David Julius, mwanasayansi wa Marekani aliyekitambua kipokezi hicho mwaka 1997, alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Na kwa faida ya walaji: maji hayasaidii kuutuliza ukali huo; maziwa husaidia.

Msomaji wako,
Tanga